Petroli ya Eusebia

Nilimwita mwizi mbele ya watu,
pale Nyololo, kwenye meza yake ya chupa.
Nikasema umechanganya na mafuta ya taa, mama wewe,
mashine yangu inakohoa, inatoa moshi mweusi,
ikifika katikati ya gogo inazimika
kama mtoto anayesinzia na tonge mdomoni.

Eusebia hakujibu. Alikuwa anafunga kizibo.
Alikifunga mpaka mwisho.

Siku nzima nilivuta kamba.
Msindano umekatwa nusu,
hauanguki wala hausimami,
na Galusi, aliyeshika kabari,
ananitazama mimi, anatazama juu,
ananitazama mimi.
Nikabadili plagi. Nikageuza skrubu ya kabureta
robo kulia, robo kushoto.
Nikaitukana nchi iliyofua chuma kile,
nikamtukana tena Eusebia, safari hii kwa Kihehe,
maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Galusi ndiye aliyeuliza:
Kifuniko cha juu umekifungua lini?

Kifuniko gani?

Ndani hatukukuta chujio. Tulikuta mkate:
unga wa mbao, oili, ulimbo, vumbi la barabara ya Igowole,
vimeshikana, vimeiva, vimekauka,
ukoko wa chungu kilichosahauliwa jikoni.
Miezi minne mashine ilivuta pumzi
kupitia ukoko ule,
na mimi naidai ingurume.

Ule mti tuliumaliza kwa shoka, jioni, bila kusemezana.

Sasa najua, na anayetaka kusikia asikie:
ukizima, funga choki kwanza, ndipo ufungue,
vumbi lisije likadondokea kooni.
Futa pembeni kwa brashi. Litoe taratibu,
ulikung'ute kiganjani, si kwenye kisiki.
Usilipeleke kwa Sanga kwenye pampu ya matairi,
upepo ule una hasira, hutoboa wavu,
na tundu la sindano linatosha kuua pistoni.
Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki mkuukuu
(wangu una nywele upande mmoja,
mke wangu ameacha kuuliza uko wapi).
Kando ya moto, usithubutu.

Lakini Juni, Mufindi, nani atakausha nini?
Ukungu huingia bila hodi, ukakaa kwenye kiti,
soksi zinamaliza wiki kambani.
Basi nikalala nalo. Ndiyo, kifuani, chini ya sweta,
kitu kidogo kama kiganja cha mtoto,
na usiku, kila nilipogeuka, nilihesabu
chupa nilizowahi kununua pale mezani:
kumi na moja, na zote, nikikumbuka sawasawa,
safi.
Alfajiri lilikuwa kavu, lina joto langu.
Mke wangu akasema, kumbe unaweza kulea.

Mashine iliwaka mvuto wa pili.
Niliizima. Sikwenda msituni.

Nilifika kwake kabla hajamaliza kupanga.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu darajani,
yakatawanyika. Nikasema: lita moja.
Akachagua chupa, akainyanyua kulielekea jua
lililokuwa linachungulia kwenye milingoti,
akaizungusha mbele ya uso wangu, mara moja,
mara ya pili polepole zaidi.
Angalia vizuri, akasema. Macho unayo.

Sijui kwa nini nilitoa mfukoni
lile chujio la pili, la akiba, nililoosha jana,
nikalinyanyua pembeni mwa chupa yake.
Tukasimama hivyo, mikono juu,
kama watu wawili wanaokagua noti.
Mwanga ukapita.

Hapo, alisema Eusebia,
akagusa kona moja kwa ukucha,
hapo hujafika.

Kisha akanidai na ile ya juzi.